Soksi za Ndege

Masika wangu,

Sikusalimu, maana bado hujaondoka. Nakusikia hapo uani, wewe na shangazi zako, mnagombana kwa kicheko juu ya sanduku lisilotaka kufunga, na kila mmoja anataka kuongeza chake: huyu maharage ya Lubero, yule sabuni, yule chandarua. Waache. Mambo ya sabuni na chandarua wanayajua kunishinda. Mimi nimejitenga hapa kwenye meza ya mashini, nimesukuma kaptula za wanafunzi pembeni, nimechukua karatasi. Kesho asubuhi utapanda gari la Beni, kesho kutwa ndege ya Kisangani, na kuna jambo nimelikalia miaka mitano. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Unajua kwamba ndege kubwa ya jeshi ilianguka Beni wakati wa vita. Nani asiyejua hapa Butembo? Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Wengine walisema imepigwa roketi kutoka msituni, wengine kwamba imelogwa na watu waliochoka kukatwa kodi. Mpaka leo ukikaa sokoni utawasikia wakibishana. Mimi huinamisha kichwa nikatia uzi kwenye sindano. Sababu naijua. Nilikuwa mmoja wa sababu zile.

Usishtuke. Hakufa mtu. Nakuandikia hilo mapema ili usisome umeshika moyo kama nilivyoushika mimi.

Mwaka ule mashini yangu ilikuwa inakaa kimya wiki nzima. Shule zilifunguliwa mwezi huu zikafungwa mwezi ule, na mzazi anayewaza mahali pa kukimbilia hamshonei mtoto kaptula mpya. Ndipo siku moja akaja mwanajeshi mlangoni. Baba yako alisimama, wewe ukajificha nyuma ya pazia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Aliitwa Adjudant Mukendi, mtu wa Kasai, fundi wa ndege. Alivua kofia kabla ya kuingia, na hilo ndilo lililonifanya nisikimbie kupitia mlango wa jikoni.

"Mama," akasema, "banasema wewe unashona bâche ya malori kushinda banaume. Niko na ndeke inanyeshewa. Inaomba nguo."

Nilicheka. Bâche za kufunika malori nilizijua, zile turubai nzito; ndege kuvaa nguo! Yeye hakucheka. Akachora kwa kidole juu ya meza hii hii: hapa injini, hapa madirisha, hapa pua.

Ndege yenyewe ulikuwa unaijua. Wakubwa waliokuwa wanatawala kwetu walikuwa nayo moja tu. Kila gunia la kahawa na kila ubao uliopita kwenye kizuizi cha barabara uliacha kitu kwa ajili yake. Watu waliichukia, na bado walijivunia. Ikipita juu ya soko, Mama fulani wa mkaa alikuwa anainua mkono na kusema, "Muangalie! Ile bawa ya kushoto ni mbuzi yangu."

Basi nikaenda Beni, nikakaa kwa mama yako mdogo Kavira, ambaye nyumba yake haiko mbali na uwanja. Nilishona vifuniko vya injini, vikubwa kama hema la arusi. Nilishona vya madirisha. Mwisho Mukendi akanileta chini ya pua ya ndege, akanionyesha mirija miwili midogo inayotazama mbele, kama vidole vya mtu anayeonyesha njia. Upepo unaingia humo, akanieleza, na ndani kuna chombo kinachompa rubani habari ya mwendo wake. Maji yakiingia, chombo kinasema uongo. Alitaka vifuko viwili virefu vya kuvalisha mirija hiyo ndege inapolala, na kila kifuko kiwe na mkia mwekundu ili mtu asisahau kukivua kabla ya kuruka.

"Hii iko kidogo, Mama, mais, lakini, ndiyo inaomba roho," akasema. "Injini ikiharibika inalia, kila mutu anasikia. Hii haiwezi kulia. Hii inadanganya pole pole."

Nilivishona kwa bâche nzito, nikapaka nta kwenye mshono. Askari walivicheka, wakaviita soksi za Mama Butembo. Mukendi alivimwagia maji ndoo nzima mbele yao, kisha akaingiza kidole ndani na kukitoa kikavu. Masika, sijui kama nimewahi kukueleza jinsi mtu anavyojisikia kazi yake inapoinuliwa hivyo mbele ya watu. Nilirudi Butembo nikiwa na shingo ndefu. Kila aliyekuja kupima suruali alisikia habari za soksi. Baba yako alisema, "Sasa utataka tukuite Koloneli."

Hiyo shingo ndefu ndiyo mwanzo wa kosa langu. Watu wakisema ni njaa, au ni vita, usiwaamini sana.

Jua na mvua vilikula soksi zile kwa muda wa miezi. Mukendi akatuma neno kwamba anataka nyingine kabla ya masika makubwa. Nilitafuta bâche mji mzima. Barabara ya kwenda mpakani ilikuwa imefungwa kwa mapigano, na ile iliyobaki madukani ilikuwa imechukuliwa kufunika malori ya askari. Ningeweza kutuma jibu: hakuna. Neno moja tu. Mais mimi ndiye niliyeshinda wanaume. Mimi ni mtu wa kusema hakuna? Nikachukua kaki ya sare za shule, nikaikunja mara mbili, nikasugua mshumaa juu yake mpaka ikang'aa. Ukiitazama kwa mbali, ilikuwa bâche. Nikajiambia, nikifika nitamweleza Mukendi, naye atajua la kufanya.

Nilifika Beni siku ya Ijumaa. Mukendi hakuwepo. Alikuwa ametumwa Bunia kutengeneza helikopta, na mahali pake nilimkuta Sergent Bofando, mtu wa Équateur, wa miaka kama thelathini. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Lingala, na alikuwa mpole. Alikuwa amekula kwa Kavira mara mbili tatu na kila mara aliosha sahani yake mwenyewe. Lori la kunirudisha Butembo lilikuwa linanguruma nje ya uzio, dereva anapiga honi. Jumapili ile wewe ulikuwa unapokea kipaimara, na gauni lako jeupe lilikuwa halijatiwa vifungo.

Bofando alizipokea soksi, akazipima mkononi, akaniangalia.

"Mama, iko bien? Iko muzuri?"

"Iko bien," nikasema.

Hayo tu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa na masista kule Lubero. Kama angeniuliza, "Hii ni bâche?" pengine ningesema kweli. Mais aliniuliza swali ambalo lingeweza kujibiwa kwa kuitikia kwa kichwa tu, na mimi nilikuwa nimekwisha geuza mguu.

Mvua ilianza jioni ile. Ilinyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi yote. Jumapili kanisani ilikuwa inapiga mabati hata askofu akawa anapaza sauti. Ulikuwa wa nne kwenye mstari wa wasichana. Alipokuwa anakupaka mafuta kwenye paji la uso, mimi nilikuwa natazama vifungo vyako na kuridhika. Baadaye nilipopiga hesabu ya saa, nikajua kwamba wakati ule ule ndege ilikuwa inaanguka.

Habari aliileta dereva wa lori siku ya Jumatatu. Alisimama hapo mlangoni akiwa bado na matope hadi magotini.

"Ndeke ya bakubwa imeanguka. Imeungua yote. Imebakia mukia tu."

Nilishika meza. "Na batu?"

"Bote bane bazima! Baliruka kwa dirisha kama panya. Rubani amevunjika mukono. Imeanguka mu shamba ya kahawa, na mwenye shamba alikuwa ku misa na bibi yake na batoto."

Nilipiga magoti hapo hapo kwenye vipande vya nguo. Baba yako alidhani namshukuru Mungu kwa ajili ya watu nisiowajua, akasema, "Kweli, Nyamuhanga ni mukubwa." Nilikuwa namshukuru, ndiyo. Mais nilikuwa nimesikia pia sauti nyingine ndani yangu, ikisema: kaki.

Siku mbili baadaye tukasikia kwamba Bofando amefungwa. Wakubwa hawakuweza kukubali kwamba kitu cha bei kile kimepotea bure tu. Kilitakiwa kiwe kimepotezwa na mtu. Bofando ndiye aliyekuwa wa mwisho kuigusa, hakuwa mtu wa kwetu, hakuwa na ndugu wa kupiga kelele mlangoni. Walisema amehongwa na adui. Na wakati ule, Masika, mtu aliyesemwa hivyo hakungojewa sana.

Usiku huo nilimweleza baba yako kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyamaza. Hukumufunga wewe. Askari hapana mutu wa kuenda kuambia ukweli." Nitakueleza bila kuficha: nilimshukuru. Nilikuwa nangoja mtu aniambie hivyo. Kesho yake nikachukua mabaki ya kaki ile nikayachoma jikoni, na shangazi yako alipouliza harufu ya nta inatoka wapi nikasema ni mshumaa umeangukia kwenye moto.

Nikanyamaza siku kumi na moja. Nilishona, nilipika, nilikwenda misa. Nilikuwa mchangamfu hata, jambo ambalo bado linanitia haya. Mtu hudhani dhamiri inamfanya mtu akonde. Mimi nilikula vizuri. Ni mvua tu iliyonishinda: ikianza kupiga bati, mikono yangu ilikuwa inasimama yenyewe juu ya mashini, na wewe ulikuwa unauliza, "Mama, uzi umekatika?"

Siku ya kumi na moja akaja Kavira. Alikuwa anauza chakula karibu na mahali walipomfungia Bofando, na askari wa zamu walikuwa wanamruhusu kumpelekea sahani. Aliketi hapo, akakataa chai.

"Dada, banamuuliza kila siku, nani alishona ile soksi. Banasikia tu Mama Butembo; banataka jina. Yeye anajibu tu, nayebi te, sijui. Banamupiga, anasema nayebi te."

"Ananijua," nikasema. "Anajua jina langu, anajua na nyumba yako."

"Nilimuuliza, kwa nini husemi? Akasema, yule mama iko na batoto."

Nilifunika mashini. Chini yake, kwenye kile kisanduku cha bobini, kulikuwa kumebaki kipande kimoja cha kaki ile yenye nta, kikubwa kama kiganja, ambacho moto wangu haukukipata. Nikakikunja nikakitia kifuani.

Baba yako alikuwa anapakia magunia uani. "Nitaenda Beni," nikamwambia.

"Hapana kuenda."

"Atauawa."

"Na wewe?" Akaweka gunia chini. "Na Masika? Na mimi?"

Sikuwa na jibu. Hilo nataka ulijue, maana watu wakisimulia mambo kama haya huweka jibu zuri mdomoni mwao. Mimi nilisema tu, "Nitarudi," kitu ambacho sikukijua. Aligeuka akanipa mgongo. Asubuhi nilipanda lori la viazi vilivyotoka Masereka, yeye hakutoka ndani kuniaga.

Uchunguzi ulikuwa unafanyika katika depo la zamani la kahawa. Mkuu wake alikuwa meja aliyetoka mbali, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Nakumbuka niliutazama uzi ule, nikawaza kwamba fundo lake halitadumu wiki. Akili hufanya mambo ya ajabu mtu anapoogopa.

"Unataka nini, Mama?"

Nikatoa kipande cha kaki, nikakiweka mbele yake. "Mimi ndiye nilishona. Hii si bâche. Ni nguo ya shule. Nilimwambia sergent kwamba iko bien, na haikuwa bien. Yeye hakujua."

Meja alikipokea. Alikunja kitambaa kama kifuko, akakiinua juu ya glasi, akamimina maji kutoka kwenye chupa yake. Tulikaa wote wawili tukitazama. Kwanza maji yalisimama, na nikaanza kuwa na tumaini la kijinga. Kisha chini pakawa peusi, tone likatokea, likaanguka. La pili. La tatu. Yalikuwa yanalia ndani ya glasi kama saa ya ukutani.

"Kaa chini, Mama," akasema. "Umechelewa, mais umekuja."

Hakunifunga. Aliniambia nilale kwa dada yangu na nije kila asubuhi. Siku ya tatu alinikuta mlangoni akanionyesha kiti ndani. Mukendi alikuwa amerudishwa kutoka Bunia, amesimama na kofia mkononi, mzee ghafla. Rubani alikuwepo pia, mkono umefungwa shingoni. Meja alieleza nilivyosema, na kabla hajamaliza Mukendi akaingilia.

"Hapana, mon Major. Mama anajitwisha yote bure. Hata na bâche mzuri, mvua ya siku mbili inaingiza maji. Mimi kila mara baada ya mvua kubwa nilikuwa nafungua tuyau, ule murija, kwa nyuma, napuliza, maji inatoka. Kisha nawasha moto yake, ile ya umeme, mapema, ikauke. Ni mimi nilijua ile kazi."

"Imeandikwa wapi?" Meja akauliza.

Mukendi aligusa paji la uso wake. "Hapa."

"Na Bofando ulimwambia?"

"Niliambia basaidizi babili ya zamani. Bofando alikuja nyuma. Nilisema nitamuonyesha. Kisha nikapelekwa Bunia."

"Basi kosa ni langu na la Mukendi," nikasema.

"Hapana, Mama, ni yangu! Wewe ni wa nguo, mimi ni wa ndeke!"

"Nilikudanganya!"

"Hukunidanganya mimi, mimi sikukuwa hapa!"

Tulikuwa tumesimama, tunapaza sauti, kama watu wanaogombania shamba. Ndipo rubani akasema kwa sauti ndogo kwamba tulipokuwa tunagombana alikuwa anangoja zamu yake. Alipokuwa bado chini, akasema, aliona mshale wa mwendo ukirukaruka, kisha ukatulia. Alidhani umejitengeneza. Ulipomwambia mwendo unatosha, aliinua pua, na mwendo haukutosha. Ndege ilipanda kama kuku anayeruka ukuta, ikalalia bawa moja. "Ningeliweza kusimama," akasema. "Nilikuwa na njia ndefu mbele yangu. Niliona haya kurudi nyuma mbele ya bakubwa baliokuja kuangalia."

Meja alivua miwani, uzi ukakatika, miwani ikaanguka mezani. Alianza kucheka. Hakikuwa kicheko kibaya. "Miaka yangu yote mu jeshi," akasema, "naona batu banatupiana kosa. Leo ndiyo mara ya kwanza naona banaivutana."

Kisha akaacha kucheka. Alituambia wazi kwamba wakubwa walikuwa wanataka jina la adui, na karatasi ilikuwa inangojewa. Mukendi akauliza atafanyaje. Meja akatazama glasi, ile ile, bado ilikuwa kwenye dirisha.

"Banataka adui," akasema. "Mimi nitabaandikia maji."

Siku mbili zilizofuata sijui nilizipitaje. Kavira alinipa mbaazi za kuchambua, nikazichambua, akazichanganya tena, akanipa tena. Nilikuja kugundua baadaye. Siku ya tatu, saa sita mchana, tukamwona Bofando anakuja peke yake kwenye njia, polepole, amekinga uso kwa mkono kama mtu ambaye jua limekuwa kitu kipya. Hakuna askari nyuma yake. Kavira alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Pumzi yote niliyokuwa nimeishika tangu ile Jumatatu ilitoka mara moja, nikabaki nimekaa chini kama gunia lililomwagwa, nacheka na kulia, na sikujali nani ananiona.

Alikula sahani mbili za bugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Kisha nikamwuliza kwa nini hakulitaja jina langu.

"Mama," akasema, "kama ningelisema, tungelikuwa babili mule ndani, na chakula ya Kavira ilikuwa ya mumoja."

Tulicheka wote. Baadaye, alipokuwa anaosha sahani yake, akaongea bila kugeuka, na hakuwa anacheka tena.

"Mais ungeliniambia ile Ijumaa, Mama. Ungelisema tu, hii si bâche, angalia. Nilikuwa na nailoni mu mufuko ya suruali. Ningelifunika juu yake. Basi."

Masika, hilo ndilo ninalokuandikia. Mapigo aliyopigwa alinisamehe kwa mzaha. Nailoni hakuifanyia mzaha. Wanne tulikuwa tumeshika kila mmoja kipande chake kidogo cha habari, na yeyote kati yetu angefungua mdomo, kahawa ya yule mwenye shamba ingechumwa na watu wangeendelea kuinung'unikia ndege yao angani. Adui hakuhitajika. Mimi nilikuwa na fahari yangu, Mukendi alikuwa na haraka yake, rubani alikuwa na haya yake, na Bofando, ambaye hakuwa na kitu, ndiye aliyefungwa.

Sitakuambia usikosee huko Kisangani. Utakosea, una shingo yangu. Utataka waseme, yule msichana wa Butembo hashindwi. Najua jinsi neno hilo linavyolewesha. Siku moja mtu atakuuliza iko bien, na utakuwa na gari linalongoja nje. Sina dawa ya siku hiyo. Nina hili tu, kwamba niliogopa kusema kuliko nilivyoogopa kitu chochote, na siku niliposema, mtu aliyekuwa mbele yangu alinipa kiti. Si kila mara watakupa kiti. Wengine watakufukuza, na utakuja nyumbani umefukuzwa, tutakula viazi. Kwangu mimi ni vyepesi zaidi kuliko zile siku kumi na moja nilizokula vizuri.

Meja alinipa adhabu moja. Alileta karatasi kubwa, na kwa sababu mwandiko wangu ni wa masista, Mukendi alisoma na mimi nikaandika: baada ya mvua fungua hapa, puliza hapa, washa mapema, ukiona mshale unaruka simama. Iliandikwa kwa Kiswahili, na Bofando akaongeza Lingala pembeni. Ikapigiliwa misumari kwenye ukuta wa depo, hata kama wakati huo ilikuwa imebaki helikopta tu. Ni maandishi yangu ninayoyapenda kuliko yote, na hii barua ni ya pili.

Basi nikarudi. Hapa nafika kwenye sehemu ambayo baba yako hataki isimuliwe.

Hakukuwa na njia ya kumpelekea habari. Kwa siku zote zile hakujua kama niko hai. Lori letu lilipofika kizuizi cha kuingia Butembo, nilimwona amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, na nguo zilizonyeshewa zimemkaukia mwilini. Mama wa mkaa aliniambia baadaye kwamba alikuwa anakuja pale kila asubuhi lori la kwanza linapopita na kuondoka la mwisho likipita, na kwamba mtu akimwuliza alikuwa anasema anangoja mzigo wa maharage.

Nilishuka. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Beni. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akatazama nyuma yangu kwenye lori, akaona hakuna askari. Akachukua begi langu, lile la maua mekundu, akalitia kichwani, akatangulia.

Unajua baba yako. Unajua jinsi asivyotaka kuonekana hata na ndoo ya maji. Alivuka soko zima na begi la maua kichwani, mchana kweupe, na wanawake wakaanza kupiga kelele, "Ee Papa Masika! Leo umeolewa?" Vijana walipiga miluzi. Hakugeuka wala hakuongeza mwendo. Mimi nilikuwa nyuma yake nikilia, na kila aliponisikia alinyanyua mkono kulishika begi vizuri zaidi, kana kwamba ndani kuna mayai.

Hajawahi kunieleza alichokiwaza pale kwenye jiwe. Ndiyo maana sitegemei kwamba kesho, gari la Beni likija, atakuambia kitu. Atakohoa, atauliza kama una kitambulisho, atatazama magurudumu. Kisha atainama, achukue sanduku lako, alitie kichwani. Wenzako watakuwepo, na wewe utaona haya, utataka kumpokonya.

Usimpokonye, Masika. Tembea nyuma yake pole pole, mpaka kwenye gari.

Mama yako